Chupa ya Oksijeni Niliitoa Mwenyewe

Buyenzi, Bujumbura
9 Machi 1997

Mpendwa mwanangu Tajudini,

Assalaam alaikum. Hapo Kigoma mnaendeleaje? Homa zimekuacha? Huku mkeo Sikuzani ni mzima, na mwanao ananyonya mpaka anasinzia na titi mdomoni. Mimi baba yako mkubwa pumzi imebaki kidogo. Naandika mstari, napumzika.

Barua yako ya hasira imefika. Unasema muuguzi Spéciose aliniibia oksijeni nikiwa nimelala, na asikanyage mlango wetu. Ndivyo mtaa unavyosema, kwa kuwa yeye ni mtu wa Musaga, mtaa tunaoogopana nao katika vita hivi. Pokea ukweli kabla sijaondoka.

Siku aliyozaliwa mwanao barabara zilifungwa kwa risasi, na zahanati ilikuwa na chupa moja tu ya oksijeni, ile niliyokuwa nikipumulia. Mtoto alitoka wa buluu. Spéciose alimkausha, akamsugua, akampulizia hewa kwa mfuko wa mpira wa kukamua. Akapumua, lakini midomo haikubadilika rangi. Akamleta mbio kitandani kwangu, akasimama. Hakuthubutu kuomba.

Nimefundisha baiolojia miaka mingi. Tumboni, damu ya mtoto nyingi hupita kando ya mapafu. Akizaliwa, oksijeni hulegeza mishipa ya mapafu, damu huingia, na ile njia ya pembeni karibu na moyo huanza kujifunga. Oksijeni ikipungua, mishipa hukaza, damu hurudia njia ya tumboni, na mtoto huzidi kukosa hewa.

Nikavua barakoa yangu.

"Apana, mzee! We mwenyewe unazimika!"

"Mi nimepumua vya kutosha. Mupe mutoto, asianze maisha kwa kupanga foleni."

Alicheka huku akilia. Nikamwapisha asimwambie mtu, ili Sikuzani asimlee mwanawe kwa majonzi. Ameshika kiapo hicho hata anapotukanwa sokoni.

Laiti ungeona! Wekundu ulianza kwenye ulimi, ukaja midomoni, ukashuka kifuani. Vidole vikawa vya mwisho. Moyo mdogo kuliko ndimu, nao ulijua njia ya kufuata. Subhanallah! Nilichokuwa nikichora ubaoni, nilikiona kikitendeka.

Akika tumeiahirisha. Nataka Spéciose ndiye amshike mwanao anaponyolewa.

Nisalimie shangazi yako Khadidja na mzee Namegabe. Mungu awafunike kwa amani, akurudishe kwa mkeo na mwanao.

Huenda siku ya akika nisiwepo. Sikuzani hatamfungulia Spéciose mlango bila neno lako. Liandike leo.

Akupendaye daima,
Baba yako mkubwa, Twalibu