Neno la Kalenda Kwenye Bahasha ya Rambirambi

Jumatatu, 3 Machi
Nimechana karatasi ya leo ya kalenda ya kanisa, ile yenye neno la kila siku, kabla hata ya kuwasha moto. Uroho tu. Mimi niliishia darasa la saba, kitabu kirefu hunilaza usingizi. Lakini neno moja fupi naenda nalo shambani, napalilia nalo mpaka mchana, bado lina utamu.
Mdogo wangu Agnesi kapiga simu kutoka Rhotia. Mwanawe Yohana ana homa. Nimemwombea.

Jumanne, 4 Machi
Yohana amefariki. Miaka sita. Homa ilipanda usiku, mvua kubwa, Agnesi akasema wangoje kupambazuke. Walipofika zahanati alikuwa ameshapoa.
Ee Bwana.

Alhamisi, 6 Machi
Tumezika. Udongo mzito, unanata kwenye majembe.
Nimefanya jambo baya. Kwenye bahasha ya rambirambi nilitia na karatasi ya kalenda. Nilidhani itamfariji. Katibu wa msiba alikuwa anasoma majina ya waliotoa, akaisoma na yenyewe, kwa sauti, mbele ya watu wote: "Mungu hachelewi, anayechelewa ni mtu."
Agnesi aliinua uso akanitazama. Basi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda na maziwa. Shemeji Petro kanipokelea mlangoni. Kasema Agnesi hali, hanywi, analirudia lile neno peke yake. "Shemeji, acha kwanza." Nikageuka na chupa yangu.

Jumapili, 9 Machi
Ibada sikuisikia. Nyumbani nimefunua kalenda mpaka Juni, natafuta neno la kutengeneza nililoharibu. Yote mazuri. Hakuna hata moja ninaloweza kumpelekea.
Neno fupi ni tamu likimhusu mwingine. Ona, hata hilo nimeliandika kama la kalenda. Mungu nisamehe.

Jumatatu, 10 Machi
Sikuchana.

Jumatano, 12 Machi
Nimemkuta Agnesi kwenye maharage, anapalilia peke yake. Sikusalimia kwa maneno mengi. Nikashika mstari wa pembeni yake. Tumekwenda hivyo muda mrefu, majembe tu.
Kisha, bila kuinuka: "Dada, ulinisema mimi?"
Nilitaka kukataa. Nikashindwa. Nikamwambia wakati natia ile karatasi niliwaza habari za Mungu tu. Lakini Jumanne, niliposikia walingoja asubuhi, ndiyo, niliwaza kwamba kachelewa.
Akazidi kupalilia. Nikajua nimempoteza na yeye.
Akasema, "Na mimi ndivyo ninavyowaza."
Halafu akaanza kunieleza usiku ule. Tangu jioni, uji aliokataa mtoto, tochi iliyozimika, Petro kutoka nje kutazama maji barabarani, kurudi, kutoka tena. Anafika katikati, anarudi mwanzo. Sikumkatisha. Sikumwambia neno. Tulikaa chini kwenye tuta, amenishika kanga, anaeleza, mpaka ng'ombe wakarudishwa zizini, na alikuwa bado hajafika asubuhi ile.