Boneti ya Mama Anyait

Alhamisi, 6 Novemba 2025

Hakuna gari Malaba hii ambalo mkono wangu haujaling'arisha! — Haya, uongo. Ni machache tu, na moja lilikuwa la padri, akanilipa kwa baraka. Lakini mkono ninao!

Leo Mama Anyait ameleta Probox yake ya buluu, imepaushwa na jua kama suruali ya mtumba. Jumapili anaenda Nambale kwa wakwe wa bintiye, anataka ing'are. Jirani yangu Emorut, mpinzani wangu tangu tukiwa na meno, akaruka na mashine yake mpya ya polishi, ile ya bei rahisi aliyonunua upande wa Uganda. Eti mzee, mkono ni wa kulia ugali! Nikamwambia hiyo mashine inatetemeka kuliko yeye. Mama Anyait akacheka — anacheka vizuri mjane huyu! — akasema basi tugawane boneti. Utepe katikati. Mimi kushoto kwa mkono, Emorut kulia kwa mashine. Atakayeng'arisha zaidi atakaa mbele naye mpaka Nambale. Mwingine nyuma na kuku.

Kiti cha mbele! Koti nimeshapiga pasi.

Ijumaa, 7 Novemba

Bega linawaka. Kitambaa, polishi, mate kidogo, zungusha, zungusha. Asubuhi nzima nimepata kipande kama sinia. Lakini kipande! Nimeyaona meno yangu ndani, yote mawili. Emorut amemaliza nusu yake chai ikiwa bado moto. Inang'aa, shetani yule. Ila ukiinama unaona viduara-viduara, kama kuku amechakura. Nikamwonyesha. Akasema ni maua.

Maua!

Jumamosi, 8 Novemba

Nimetenda dhambi tamu. Emorut alipoenda kula, nikawasha mashine yake. Jamani! Ikanguruma, mikono ikacheza, tumbo likacheza, nikaimba Kiteso kwa sauti! Nusu yangu ikawa kioo. Nikarudia. Nikarudia tena, pale kwenye ukingo juu ya taa, nikikandamiza kama ninavyokandamiza kitambaa — na rangi ikaondoka! Ikatokea undakoti, ile rangi ya chini ya kijivu, upana wa kiganja.

Nimepakalia hapo palipochubuka. Niko juu ya boneti sasa hivi, nimetoa daftari nionekane nina kazi. Mama Anyait amefika, amezunguka gari, amepiga makofi: mzee umeshinda, kesho wewe mbele! Halafu eti shuka basi, niuone upande wote. Nikasema magoti yananiuma. Ameenda kununua soda ya kunipongeza, anarudi sasa hivi. Akiona hiyo kijivu, hata nyuma na kuku sipandi.

Na mkojo umenibana!

Emorut yuko pale kwa kinyozi, ameshika mbavu kwa kicheko. Ameelewa yote. We Emorut! Nani alimwambia mama watoto wako kwamba ile harufu ya pombe ni dawa ya kikohozi? Si mimi? Basi njoo ukalie hapa, kidogo tu, nikojoe.