Baba Amefika Liège

Liège, 3 Februari 2024

Yaya Euphrasie,

Nakusalimu wewe dada yangu mukubwa, na Mama, na watoto wote wanaokula kwa mikono yako. Huku Ulaya baridi inaingia mpaka kwenye meno, lakini mwili uko salama na masomo yanaendelea. Goti la Mama linasemaje? Na kibanda chako cha wali pale soko la Kasuku, wateja bado wanagombania makoko ya sufuria?

Utashangaa kuona karatasi. Kuna mama mumoja wa Goma, Mama Mado, anashuka Kindu kwa biashara, nikamuomba abebe. Simu imenichosha, Yaya. Nimeizima. Barua iko na heshima yake, tena hakuna muntu wa tatu anayesikiliza.

Niko na jambo. Chuoni walitafuta vijana wazima wa kupigwa picha za ubongo. Dokta mumoja, jina lake Nathalie, anachunguza vijana walio mwanzoni mwa ugonjwa wa akili, wale ambao kichwa kinaanza kuwachanganya na bado hakijawashinda. Anapiga picha zao, anapiga na za wazima, halafu analinganisha. Mimi nilikwenda kama muzima. Unavua kila chuma, hata mukanda, unalala ndani ya mashine yenye sumaku, mfano wa bomba kubwa, na unakatazwa kutikisika. Mashine inagonga: gong, gong, gong, trrr! Yaya, nililia. Ilikuwa karakana ya reli yenyewe, zile asubuhi tulikuwa tunampelekea Baba uji na kumuona akigonga mabehewa, wewe umenibeba mugongoni. Hata ile harufu ya grisi niliisikia.

Ndani ya kelele hiyo Baba akaniita. "Ome! Ome!" Vile alikuwa ananiita yeye peke yake.

Baada ya picha wakaniuliza maswali. Unasikia sauti ya muntu asiyeonekana? Nikajibu ndiyo, baba yangu, alipotea wakati wa vita. Nilisema tu, kama muntu anavyosema amekula viazi. Dokta akaandika. Juma lililofuata wakaniambia kwa upole wote kwamba wananitoa kundi la wazima, wananiweka kundi la wale wanaofuatiliwa.

Mimi! Yaya, niambie ukweli. Ninyi kule hamumusikii? Kama ni mimi peke yangu, basi ninaumwa. Niandikie, nimuonyeshe. Ndani nimetia karatasi yao yenye namba ya dokta, na picha moja ya ubongo wangu. Mama asiogope.

Mudogo wako,
Onema

*

Kindu, 10 Machi 2024

Mudogo wangu Onema,

Mama Mado alifika miguu imemuvimba, lakini barua yako haikukunjwa hata pembe. Mama anakusalimu sana. Goti linalia tu mvua ikikaribia, mengine iko vizuri. Mimi nimenenepa, usicheke.

Ile picha Mama aliishika juu chini, akaigeuza, akasema, "Huu njo ubongo wa mutoto wangu? Kama karanga iliyomenywa! Na pale baba yake anapomuitia iko wapi?" Nikamuonyesha popote tu. Akapabusu.

Sasa sikia. Aka! Eti ugonjwa! Mama anamusikia Baba kila jioni akiinjika chungu. Anageuka, anaitika "eeh", anaendelea kukoroga sombe yake ya majani ya muhogo. Mimi namusikia nikifua mutoni Lualaba, sauti inatokea ng'ambo, upande wa Alunguli: "Efa! Efa!" Mara moja, mara mbili, halafu maji tu. Jirani yetu Bénie anamusikia mutoto wake aliyezama. Kama kila anayeitwa na muntu wake ni mugonjwa, basi waje wapige picha muji wote wa Kindu. Mashine itaungua!

Hao hawakupita mahali tulipopita. Mwaka ule wa vita, 2002, muji ulizungukwa na wapiganaji, hakuna aliyethubutu kufika shambani, chumvi tunailamba kwa ncha ya kidole. Baba akachukua baiskeli, akasema anajaribu kufika kwa ndugu zake kule Tunda, alete muchele. Wewe ulikuwa na miaka sita, ukang'ang'ania gurudumu. Akakubandua vidole kimoja kimoja huku anacheka. Njo mara ya mwisho kumuona. Muntu aliyeondoka namna hiyo ataacha kuita?

Ninakumbuka mengi tangu barua yako. Alivyokuwa anavua viatu vya kazi mlangoni na wewe unaingiza miguu yote miwili ndani ya kimoja. Nimecheka peke yangu sokoni mpaka wateja wakaniangalia.

Muonyeshe dokta barua hii. Muambie sisi familia nzima tuko hivyo.

Yaya wako,
Euphrasie

*

Liège, 2 Mei 2024

Yaya,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi niko muzima kuliko siku zote. Sipati usingizi, lakini siuhitaji.

Nilimutafsiria Dokta Nathalie barua yako mustari kwa mustari. Hakucheka. Alisema watu wengi waliopoteza wapendwa wao wanawasikia, hata wazungu, ila wazungu wanaficha, na hilo peke yake haiko ugonjwa. Nikamuuliza, basi picha yangu inasema nini? Akajibu kwamba picha ya muntu mumoja bado haiwezi kusema kitu. Wanaweka pamoja za watu wengi, njo wanaona tofauti, nayo ni ndogo. Akaniomba niendelee kuja, na kama sauti ya Baba ikibadilika nimuambie upesi.

Sitakwenda tena. Baba amenikataza. Yaya, haiti tena kutoka mbali, amefika! Yuko huku Liège, tunaongea kutwa. Amenifungua macho: ile mashine inatoa mambo ya kichwani mwangu na kuyatia kwenye simu za watu. Simu yangu nimeitupa mutoni. Amenikataza pia chakula cha kantini, wanachanganya kitu ndani. Hata cha mwenzangu wa chumba nisiguse. Juma hili nimekunywa maji tu, na amenisifu sana. Nikikosea ananitukana, wakati mwingine vibaya, lakini ni haki ya muzazi.

Wewe njo ulisema familia nzima tuko hivyo. Asante, Yaya. Bila barua yako ningefikiri ninaumwa.

Mudogo wako,
Onema

*

Kindu, 29 Mei 2024

Mudogo wangu, tumbo moja na mimi,

Leo sikuulizii hali, hali yako nimeisoma. Barua yako ilikwama njiani, imefika asubuhi hii. Naandika kwenye simu, naituma kwa Dokta Nathalie, namba nilikuwa nayo kwenye karatasi yako. Ameahidi kuichapa na kukuwekea mukononi. Ndiyo, nimemupigia. Nimemuambia yote. Kasirika, niko tayari.

Onema, sikiliza. Huyo haiko Baba.

Wewe ulikuwa mudogo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, mimi namujua. Muntu yule hakuweza kumutazama mutoto mwenye njaa. Muji ulipozungukwa na sahani imebaki moja, alikuwa anaingia anajipangusa midomo, eti ameshiba kwa jirani. Tulimuamini! Alijua njia ya Kibombo, ile ya kwenda Tunda, iko na bunduki huku na huku, akaenda, ili sisi tule. Leo huyo huyo akuambie usile? Akutukane? Baba alinipiga mara moja tu maishani, akaenda kujificha nyuma ya nyumba kulia, mimi njo nikaenda kumubembeleza.

Anayetuita sisi huku anataja jina, basi. Hatumi muntu, hakatazi muntu. Nilipokuandikia kwamba sote tuko hivyo sikujua wako ni mwingine. Niliandika kwa mapenzi na kwa kiburi chetu cha Kindu, na wewe ukashika maneno yangu kama ngao. Ninaumia, Onema, ninaumia sana.

Sasa nasema kama mukubwa wako. Watakuja watu mlangoni pamoja na dokta, wafuate. Wakisema hospitali, ingia. Wakisema dawa, kunywa. Na ule. Hata kama anapiga kelele, kula.

Nijibu, hata neno moja.

Yaya wako,
Euphrasie

*

Kindu, 20 Agosti 2024

Onema,

Salamu za nyumbani. Sisi tunapumua. Hujajibu. Dokta Nathalie anasema uko hospitali na unatunzwa, lakini karatasi yangu uliipokea ukaigeuza uso chini.

Watu wa maombi walikuja kumuambia Mama tufunge chakula wote kwa ajili yako, kwa maana umelogwa huko huko Ulaya. Ungemuona! Aliwakaribisha, akawapikia wali na samaki, akawaambia waombe wanavyotaka, ila katika nyumba hii hakuna atakayeacha kula tena. Wakala, wakaomba, wakaondoka.

Ninunie. Mimi nitaendelea kuandika.

Yaya wako,
Euphrasie

*

Liège, 6 Oktoba 2024

Yaya Euphrasie,

Pokea salamu za muntu aliyechelewa. Mama hajambo? Wewe je? Mwandiko usikushtue, dawa inanitetemesha mukono. Wanasema watapunguza.

Nilikuchukia. Walipokuja mlangoni nilipiga kelele kwamba dada yangu ameniuza. Hospitalini sikugusa karatasi yako. Halafu siku moja niliigeuza tu, nikaona maneno "Huyo haiko Baba". Yule wa sauti akaniamuru nichane. Mukate ulikuwa mezani. Nikamuuliza, "Baba, naweza kula?" Akanitukana matusi ambayo siwezi kukuandikia. Njo nikajua. Nikaula ule mukate mbele yake nikilia, Yaya, na wauguzi wanafikiri nalilia chai.

Sasa ninakula vizuri. Dokta Nathalie anakuja kuniona, na mimi mwenyewe nimekubali kupigwa picha tena. Anasema zangu na za wenzangu zikiwekwa pamoja, labda siku moja zitawasaidia kumutambua kijana mapema, kabla hajafika nilipofika mimi. Safari hii najua niko kundi gani na sioni haya.

Lakini kuna kitu nashindwa kumueleza yeye, nakueleza wewe. Dawa imemunyamazisha yule mubaya. Imemunyamazisha na wetu. Nililala kwenye mashine, ikaanza, gong, gong, gong, nikaona karakana, nikaona mugongo wako, nikangoja "Ome". Hakuna kitu. Alikuwa ananiita tangu nikiwa mutoto, shuleni, njiani, ndani ya ndege. Sasa ni kelele ya chuma tu. Vita ilinichukulia Baba mara ya kwanza, na sasa nimemupoteza nikiwa mukubwa, na akili zangu zote ziko macho.

Kuna siku nashika kidonge na sitaki kukimeza. Nataka nimusikie mara moja tu, jina tu, nitaendelea kesho. Dokta amenieleza hatari yake, naijua. Bado nataka. Muulize Mama. Atakachosema yeye njo nitafanya.

Mudogo wako,
Onema

*

Kindu, 17 Novemba 2024

Mutoto wangu Onema,

Anayesema ni mimi, mama yako. Euphrasie anashika kalamu tu, nimemukataza kuongeza maneno yake. Mimi niko muzima, goti silitaji, limezeeka pamoja na mimi. Nimefurahi kwamba unakula. Nimesomewa barua yako, nikasema nisomewe tena, halafu nikatoka nje kidogo.

Dawa usiache. Hata siku moja, hata kwa hiyo mara moja unayoitaka. Nimesema.

Usifikiri sijui unachokosa. Mimi njo niliolewa naye. Nilimusikia akiimba vibaya barabarani kabla hajakuwa baba wa muntu. Kama angeninyamazia, ningekaa chini kama wewe. Kwa hiyo lia, mutoto wangu, lia mpaka ushibe, mimi sikuambii uwe mwanaume. Ila umeze dawa yako kwanza, halafu ulie.

Jioni ile ile ya barua yako niliinjika chungu, nikangoja. Akaita jina langu kama kawaida. Miaka yote hii mimi ninaitika tu na kuendelea na mapishi, lakini siku hiyo niliweka mwiko chini nikamugeukia. Nikasema, "Mume wangu, mutoto Ome aliumwa kichwa, yuko Ulaya, wanamutibu. Usimuite tena, hatakusikia, na asipokusikia usimukasirikie. Habari zake ukizitaka, njoo kwangu." Euphrasie alikuwa mlangoni na beseni, muulize, hakucheka.

Sasa kila jioni akiita ninamupa habari. Nimemuambia unakula. Nimemuambia unameza dawa, asubuhi na jioni, na kwamba unapona.

Usinifanye muongo mbele ya mume wangu.

Mama yako