Kilima cha Hask

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo tumevuka daraja! Mimi na Mzee Alwyn, bila kunyanyuka — yeye kwenye kiti chake cha dirishani, macho kafumba, mimi na daftari mapajani. Daraja la mawe, matao mawili. Ukivuka, kushoto kuna tanuri la chokaa, limeota nyasi mdomoni. Kulia bwawa walilokuwa wakiogeshea kondoo. Halafu njia inapanda kwenda Hask.

Huyu mzee ana miaka themanini na sita. Mwingereza. Alikuja Houston kijana kwa mambo ya mafuta, hakurudi. Mwaka wa tatu sasa namhudumia hapa Sugar Land: kumwogesha, uji, vidonge. Juzi ikaja barua pepe kutoka kwao, bonde la Marrowdale, shamba sana. Kuna chama cha wapenda historia ya pale. Wanataka kusimamisha ubao kwenye kilima cha Hask, kijiji kilichobomolewa zamani watu wakahamishiwa bondeni penye umeme. Aliyezaliwa Hask na bado yu hai wamempata mmoja tu. Huyu wangu! Watapiga simu ya video Ijumaa ya tarehe 14, saa nne asubuhi ya huku. Awaambie kipi kilikuwa wapi.

Kilima chenyewe kina ngazi ngazi, kama matuta ya majitu. Anasema walilima watu wa kale, kabla hata kanisa halijajengwa. Enzi zake palikuwa pa kondoo tu. Nimeandika.

Nje, kwenye lile ziwa la kuchimbwa la mtaani, yangeyange wamesimama hawatikisiki. Nikikaza macho naona maji ya kwao.

Jumatano, 5 Machi

Nimeingia kazini na majivu ya Kwaresima usoni. Mzee akanitazama — umejipaka masizi? Nikamweleza. Akakumbuka kanisa lao, bondeni, mnara umeinama kidogo kama mtu anayesikiliza.

Halafu akauliza: na kwenu kukoje?

Miaka kumi na moja nabeba boksi nchi hii, kibarua hadi kibarua. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, halafu akasubiri jibu. Nikamwambia. Litembo, Mbinga, juu kwenye baridi. Ukungu unakuja hadi jikoni. Nikamsimulia ngoro — majani yanafyekwa, yanapangwa miraba miraba mteremko mzima, kisha kina mama wanayafukia kwa udongo, na katikati ya kila mraba linabaki shimo. Mvua ikinyesha maji yanakaa humo, hayabebi udongo. Maharage yanakaa juu ya kingo. Ukiwa ng'ambo, kilima chote kama sega la nyuki.

Nikamsimulia Mama na jembe lake. Kidole gumba hakina ukucha, udongo mweusi mpaka kwenye viwiko. Mzee alisikiliza kafumba macho. Uji ukapoa.

Ijumaa, 7 Machi

Marguerite amekuja kutoka DeSoto. Ni binti yake, wa pekee. Masaa manne na zaidi ku-drive, amefika amechoka, hakuvua hata miwani ya jua. Jikoni akaniambia: amepata nafasi kwenye nyumba ya wazee karibu naye. Jumamosi ya wiki ijayo anamchukua. Hawezi tena, kila simu ikilia anadhani ni msiba. Twende naye, akasema, nilale kwake siku nne tano baba azoee. Bado hajamwambia. Nisimwambie.

Nikasema sawa. Nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Anampenda. Ila hawaongei. Anamuuliza amekunywa dawa, baba anasema ndiyo, basi.

Jumapili, 9 Machi

Saa zimesogezwa mbele, nimechelewa misa. Vumbi la njano la mialoni kwenye kioo cha gari. Mchana nikajilaza kidogo — nikaota napanda Hask nimebeba kuni. Tanuri la chokaa linatoa moshi. Mtu ananiita kwa Kimatengo, lugha ya kwetu. Sikumwona.

Jumanne, 11 Machi

Kalamu imenikwama leo.

Tulikuwa tumefika kilimani. Mzee anatembea vizuri, anataja kila jiwe. Halafu akaanza: kina mama walikuwa wanapanga majani miraba miraba. Wanafukia udongo. Katikati shimo. Mama yangu, akasema, mama yangu alikuwa na jembe — na kidole gumba hakina ukucha!

Machozi yakamtoka. Mama yake alikufa yeye ana miaka mitano. Maisha yake yote, akasema, amemtafuta kichwani, hajawahi kumpata. Sura hana, sauti hana. Na leo amemwona mikono. Melania, nimeiona mikono yake!

Akanishika mkono.

Ni Mama yangu mimi.

Niliandika kila neno. Sasa daftari liko hapa mbele yangu, na sijui nimeandika nini.

Jumatano, 12 Machi

Nimemweleza Jackie. Ni Mkenya, nesi anayekuja kumpima Mzee presha kila wiki. Tulikuwa tumesimama nje kwenye gari lake.

"Melania, hii si ngumu," akasema. "Hiyo ya mashimo unaitoa tu kwa notes. Yeye umwachie mamake. Ni nani anaumia?"

"Na akiwaambia mwenyewe kwenye simu?"

Akafikiria. "Basi watajua ni uzee. Si hata sisi tunawaambia wagonjwa mambo mingi ndio walale?"

"Lakini wataandika kwenye ubao, Jackie. Watu watasimama pale wasome."

"Ama hawataandika. Kwani wewe unalilia ubao, ama unalilia mama yako?"

Alicheka akaingia garini. Mimi sikucheka. Nimejiuliza siku nzima. Labda naona wivu. Miaka kumi na moja, kitu changu pekee cha kule ni ile mikono, na nimemgawia mtu.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi kabla ya kazi nilimpigia dada Yasinta, Litembo. Kule ni alasiri. Kuku wanalia nyuma yake. Nikamwambia, dada, nikumbushe mikono ya Mama. Kile kidole.

"Kidole gani?"

"Gumba. Kisicho na ukucha."

"Wee Melania! Kile cha shangazi Bernadette! Mama hakuwa na hitilafu yoyote. Mikono midogo tu, kama ya kwako. Na ngoro alikuwa halimi sana, kifua kilimbana. Shangazi ndiye aliyekuwa anatulimia. Umesahau?"

Nimesahau.

Dada akaendelea na habari nyingine, barabara imepanuliwa, kisima kimefukiwa. Nilikuwa naitikia tu. Baadaye nilikaa garini nje ya nyumba ya Mzee, nikaitazama mikono yangu kwenye usukani. Muda mrefu.

Marguerite ameshafika. Jioni amemwambia baba yake habari ya Jumamosi. Mzee alisema sawa. Akaomba chai.

Ijumaa, 14 Machi

Niandike polepole, nisikose.

Saa nne kamili. Katibu wa chama ni mama wa makamo, ana sauti ya upole, nyuma yake ukuta umejaa ramani. Mzee nimemvalisha shati la bluu. Marguerite amesimama mlangoni pa jikoni, anafuta kikombe kimoja tu.

Akaanza darajani. Matao mawili. Tanuri. Bwawa la kondoo. Jiwe la mpaka lenye herufi H, upande wake mmoja umebomoka. Katibu anapekua picha za zamani — ndiyo! ndiyo! — kila kitu kipo kama anavyosema. Nilijisikia fahari kana kwamba mimi ndiye niliyezaliwa pale.

Akafika kilimani. Akasimulia miraba, mashimo, maharage. Mama yake.

Katibu akasema kwa adabu, hilo kwenye kumbukumbu zetu hatuna. Ni jambo kubwa sana kama ni kweli. Kuna mtu aliyeandika maelezo?

Mzee akageuka: "Wasomee, Melania."

Nikafungua daftari. Ukurasa wa Jumatatu ile. Nikasoma: kilima kina ngazi, walilima watu wa kale, enzi zake palikuwa pa kondoo tu. Nikafunga. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, kama kwetu.

"Mzee, nisamehe. Mashimo ni ya Litembo. Nilikusimulia mimi, siku ya majivu. Mikono ile ni ya shangazi yangu."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu.

"Kwa hiyo mama yangu hakuchimba," akasema.

"Hakuchimba, Mzee."

Katibu hakukata simu. Mungu ambariki, alingoja pale na ramani zake. Nilidhani nimemuua Mzee.

Kisha Mzee akasema, taratibu, kama anasoma kitu kilicho mbali: koti. Lilikuwa koti, nyuma ya mlango. Mama alipokufa baba hakuliondoa. Nilikuwa naingia ndani yake nasimama. Nafunga vifungo kwa ndani. Giza, na harufu ya sufu. Mpaka siku wanabomoa nyumba lilikuwa linaning'inia pale.

Basi. Hana kingine.

Katibu akauliza, huo mlango ulitazama wapi?

Ulitazama tanuri, Mzee akasema. Ukifungua tu unaliona, chini kule.

Katibu akainama, akaweka alama kwenye ramani. Hapo ndipo nyumba yenu ilipokuwa, akasema. Hatukuwahi kujua.

Nilipogeuka, Marguerite alikuwa ameweka kikombe chini.

Jumamosi, 15 Machi

Madisonville. Tumesimama kituo cha mafuta, karibu nusu ya njia. Naandika kwenye goti.

Tangu tutoke Sugar Land Marguerite hajavua miwani yake ya jua. Barabara ndefu, maua ya bluu kando yote, kama maji yamemwagika kwenye nyasi. Mzee kiti cha nyuma na mimi, kichwa begani kwangu, amesinzia. Asubuhi alinisalimia vizuri. Hakunitaja jina. Sijui kama amenisamehe.

Mafuta yamejaa. Marguerite amerudi kwenye usukani, amefunga mkanda, mkono kwenye ufunguo. Hakuwasha. Ananitazama kwenye kioo. Amevua miwani.

"Rangi gani?" ameniuliza, kwa sauti ya chini. "Lile koti."

Nimesema sijui. Mzee hakuitaja.

"Hajawahi kuniambia hata jina la bibi yangu," amesema.

Bega langu limekuwa jepesi. Mzee ameinua kichwa. Sijui amesikia tangu wapi. Marguerite amefungua mkanda, amegeuka mzima mzima, magoti juu ya kiti kama mtoto. "Baba," amesema, "niambie lilikuwa rangi gani."