Insha ya Mama Pacha

Jumatatu, 4 Machi
Mama Pacha kaja na insha mpya. Kurasa sita, na zimenyooka! Mwezi uliopita aya zake zilikuwa zinagombana zenyewe kwa zenyewe. Leo hoja inafuata hoja, vyanzo vyote kavitaja. Nikampongeza, huku machale yananicheza. Miaka kumi na moja nasaidia wanafunzi wa chuo kuandika, kwenye chumba hiki hiki — nawajua. Mtu habadiliki hivi kwa wiki tatu.

Jumatano, 6 Machi
Nimempima. Nikampa karatasi: aandike aya moja mbele yangu, dakika kumi, bila kusema neno. Kaandika mistari miwili, kafuta mmoja. Jasho likamtoka. Eti kimya kinamchanganya. Kimya! Mwingine husumbuliwa na kelele. Za mwizi arobaini.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemfuma nyuma ya maktaba. Simu mdomoni, sentensi za kitabu zinamtoka nzima nzima! Kuniona, akaizima. Alikuwa anaongea na nani kama si huyo anayemwandikia?

Mume wangu kasema niache upelelezi, nisije nikamchomea mtu bure. Huyo naye, kwake kila mtu malaika.

Nimemwandikia mkuu wa kitengo chetu kwamba insha si yake. Nimeomba jina langu lisitajwe.

Jumanne, 12 Machi
Kamati ya nidhamu imempa barua Mama Pacha. Mkuu kaniambia kwenye ngazi: akikutwa na hatia anafukuzwa, na ufadhili wake hautolewi mara mbili. Hilo la ufadhili sikulijua. Lakini kanuni ni kanuni. Chakula cha mchana kimenishinda.

Alhamisi, 14 Machi
Nilidhani atanikwepa. Kaja saa nne kamili, saa yake ya kawaida. Kaweka barua ya kamati mezani, kabonyeza simu. Sauti yake — anaisema insha, anakosea, anarudia. Pacha wake wanalia, sufuria inaanguka, anarudia tena. Rekodi kumi na nne! Kumbe huisema kwanza, akipika, akitembea, kisha hukaa akanakili anachosikia. Kwenye kimya hapati kitu. Na alinieleza, mimi nikamcheka moyoni. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Anataka nimsaidie barua ya kujitetea. Mwisho kesho saa sita.

"Nani kanichongea, mwalimu? Maana rasimu zangu unazisoma wewe tu."

Kanitazama. Anajua? Kama anajua, mbona kaja kwangu? Ni mtego? Nilifungua kinywa nimwambie. Nikasema tuanze na aya ya kwanza. Mwoga mkubwa mimi!

Kaenda koridoni kuisemea simu barua yake. Nami naandika haya. Namsikia kupitia mlango: "Aliyenishtaki hakuniuliza swali hata moja." Anarudia. Anarudia tena, polepole zaidi.

Kanyamaza. Kitasa kinazunguka —