Gari Lililokata Slogani

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, tena mvua ya dharau, ile isiyonyesha kwa nguvu wala kukubali kuacha. Roho yangu imechacha. Naandika haraka kabla sijaanza kujitetea.

Habari ni ya Tonton Bolonga, dereva wetu, mtu ambaye simpendi. Ni mtu wa mto, wa Yanonge, na mdomo wake ni mrefu kuliko pirogi yoyote aliyowahi kupanda. Miaka sita tuko garage moja hapa Makiso, na miaka sita ananiita docteur ya maredio, kwa sababu umeme nilijifunza peke yangu katika kitabu cha Kifaransa kilichopoteza jalada na kurasa kumi za mwanzo. Anasema ndiyo maana sijui jambo lolote linaanzia wapi.

Gari analoendesha, la Chama, ni la kisasa mno kwa barabara zetu. Halina kabureta. Chini ya kiti kuna sanduku dogo la umeme, calculateur, ndilo linaloamua injini inywe petroli kiasi gani. Juu ya paa kuna kipaza sauti cha kuwaita watu kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, na cha kupigia slogani za Chama.

Ugonjwa ulikaa hapo. Gari linatembea vizuri, linasimama vizuri. Katibu wa Chama akishika mikrofoni na kuanza slogani, injini inakohoa, inatoa moshi mweusi, inakufa. Bateri nayo imezeeka, basi sauti ya Katibu inafifia katikati ya neno. Imetokea mara tatu ndani ya wiki mbili. Mara ya tatu ilikuwa Simi-Simi, kwenye uwanja wa zamani wa ndege, mbele ya wachezaji wote wa animation, zile ngoma za kukisifu Chama. Wamama walijizuia kucheka. Mmoja alishindwa.

Katibu hakucheka. "Gari inakufaka saa ya slogani tu," alisema. "Saa ingine iko muzima. Alors, ni muguu ya dereva."

Sabotaji, kwa neno moja. Jana akatoa amri: nipime gari, jibu litoke leo saa kumi. Nisipopata ugonjwa, Bolonga anapelekwa Kapalata, kambini kwa wanajeshi, akajieleze huko. Watu wanaokwenda kujieleza Kapalata wakirudi huwa hawana maneno mengi.

Sasa ukweli, maana hapa hakuna wa kunisoma.

Nilihisi chanzo tangu mara ya pili.

Kipaza sauti kile nilikifunga mimi. Siku ile Katibu alinisimamia kichwani, macho kwenye saa, anataka gari litoke baada ya dakika ishirini. Waya wa masse, ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari, unatakiwa upewe boliti yake peke yake, na chuma kikwanguliwe mpaka king'ae. Sikukwangua. Niliubana kwenye boliti yenye kutu ambayo tayari ilikuwa na waya wa sonde, kile kidude kinachoambia sanduku kama maji ya injini yamepata moto. Bolonga alinishikia taa. Tulitukanana kazi nzima.

Halafu, hata nilipohisi, nikanyamaza. Nilitaka wamseme kidogo, aonje na yeye. Kapalata haikuwa katika hesabu yangu.

Asubuhi nimeleta kipimo changu cha volti. Injini ikiwa moto, sonde inatakiwa kuwa chini ya volti moja, na sindano ilikaa pale pale, tulivu. Nikawasha ampli ya kipaza sauti, nikapaza sauti kwenye mikrofoni: sindano ikarukia tatu. Umeme wote wa kipaza sauti ulikuwa unasukumana kupita kwenye kutu ile na kuiponza sonde. Sanduku likadhani injini ina baridi ya Ulaya, likaimiminia petroli mpaka ikasongwa.

Nikahamisha waya, nikakwangua chuma kama kitabu kinavyotaka. Dakika kumi. Nikapiga slogani mwenyewe, ya kwanza maishani mwangu ambayo sikulazimishwa, na gari likanguruma bila kuyumba.

Uongo wangu ulikuwa tayari: unyevu. Hapa Kisangani unyevu hubeba lawama zote na haujawahi kulalamika.

Katibu hakungoja saa kumi. Alifika saa nane, akajaribu slogani. Injini haikufa. Akatabasamu.

"Donc iko muzima."

"Iko muzima, citoyen," nikasema, maana Chama kinataka tuitane raia. "Ilikuwa unyevu tu."

"Unyevu inajuaka slogani?" Akamgeukia Bolonga, aliyesimama ukutani. "Unaona? Leo haukugusa gari, na gari haikukufa."

Hapo ndipo nilipouona ujinga wangu. Gari likipona bila kuonyesha ugonjwa, ushahidi unabaki kwa dereva. Nilikuwa nimetengeneza gari na kumfunga mtu.

Bolonga hakuniomba kitu. "Docteur," alisema, "ulikuwa na kazi moja tu."

Nikaomba dakika tano. Nikarudisha waya kwenye boliti ya kutu. Nililiharibu gari la Chama kwa mikono yangu, mchana, mbele ya Katibu wa Chama. Nikamwambia Bolonga akasimame mlangoni, mikono juu ya kichwa, ionekane. Nikawasha injini, nikatoka ndani, nikamkabidhi Katibu mikrofoni na kumwonyesha sindano.

Akapiga slogani. Sindano ikaruka. Moshi mweusi. Injini ikafa, na garini hakuna mtu.

Katibu akaiangalia mikrofoni mkononi mwake.

"Sasa ni sauti yangu inaua gari?"

"Hapana, citoyen. Ni waya. Ilifungwa mubaya."

"Nani aliifunga?"

Bolonga hakupoteza hata sekunde. "Ni yee. Mimi nilimushikia taa."

"Ni mimi," nikasema. "Ile siku ulinipa dakika makumi mbili. Na hii bon ya kazi, wewe ulisaini: kazi imekaguliwa, iko muzuri." Nikaitoa karatasi ile mfukoni, nikampa.

Aliisoma mara mbili. Saini yake ni nzuri, ina mkia mrefu. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni mwake, akatangaza kwamba gari halikuwahi kuharibika. Kama halikuharibika, hakuna aliyeliharibu. Kama hakuna aliyeliharibu, hakuna wa kupelekwa Kapalata. Rapport iandikwe hivyo, na waya urudi mahali pazuri bila mtu kuutaja. Na mimi, kuanzia Jumatatu, niende stoo kugawa balbu.

Nimeandika. Mistari miwili, yote ya uongo, na Bolonga akapewa ruhusa ya kwenda nyumbani.

Asante hakusema, na angesema ningemshangaa. Alipita karibu yangu akivaa koti la mvua, akasimama.

"Docteur, ile bon ilikuwa mu mufuko yako tangu siku gani?"

Mtu mwenye mdomo mrefu, nilidhani hana akili ya kutosha kuulizia mfuko.

"Tangu asubuhi," nikasema.

Akaniangalia mpaka nikainamia visanduku vyangu vya skrubu. Alipoondoka hakufunga mlango, na mvua ikaingia.

Leo nimedanganya watu wawili. Mmoja alistahili.

Kesho baada ya kazi nitashuka mtoni mpaka kwake. Nitamwambia bon ile niliitia mfukoni tangu gari lilipokufa mara ya pili, siku niliyoanza kuuhisi waya wangu. Atanitukana mbele ya mke wake na majirani, kwa Kilokele cha kwao, kwa Lingala, kisha kwa Kiswahili ili nielewe vizuri. Nitasimama pale pale nimwache amalize zote tatu.