Kilichobaki kwenye Sahani ya Mama

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa nje ya mlango, jua la asubuhi likiwa limekufikia magotini, maana najua hapo ndipo magoti yako yanapokubali kuelewana nawe. Mimi huku ni mzima. Baridi ndiyo ile ile. Navaa soksi mbili mbili na kutembea polepole kama mtu anayekwenda kuiba kuku.

Najua anayekusomea ni Leokadia. Kwa hiyo na wewe mdogo wangu, shikamoo. Usirudie huo mstari kuangalia kama umesoma vibaya, umesoma sawasawa. Tangu tukiwa wadogo wewe ndiye unayeniamkia mimi, na sikumbuki siku uliyosahau nikakuacha upite. Leo nimeanza mimi. Soma taratibu, usiziruke sehemu zinazokuhusu, na zile za kuniaibisha usiziongezee chumvi. Inatosha iliyomo.

Naandika kwa karatasi kwa sababu nimesikia simu ya nyumbani siku hizi inalala kabatini, imeviringishwa kwenye kanga, na kwamba aliyeiviringisha ni wewe mwenyewe, mama. Ni haki yako. Barua hii anakuja nayo mwenzetu wa Mpanda mjini, ambaye ndugu zake wana duka la vitenge karibu na soko. Anarudi kufunga Ramadhani na wazazi wake. Akifika huko Magamba kabla mwezi haujaandama, mpikieni ale. Akifika ukiwa umeshaandama na akakataa chakula, msimwite nesi. Yeye ana sababu inayojulikana.

Mama, uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakuzungusha kwa maneno marefu. Ufupi wake ni huu: natunza wazee wa watu. Nawaogesha, nawavisha, na wasioweza kushika kijiko nawalisha. Kila mmoja anakula kivyake, sahani yake mbele yake, na akimaliza mimi natakiwa kuandika amekula kiasi gani. Chote, nusu, robo, au amekataa. Mzee akibakisha siku kadhaa mfululizo, nesi anaitwa amwangalie. Kwa huku ni utaratibu mzuri, siusemi vibaya. Wapo wazee wasiosema wanaumwa mpaka sahani iwasemee.

Sasa siku moja nikiwa nafuta mdomo wa mzee wa watu, wazo likaniingia. Huyu namjua alivyokula tangu asubuhi mpaka sasa. Mama yangu mwenyewe namjua kwa neno moja tu la simu: hajambo, anakusalimia. Hata ile presha iliyokuangusha wakati wa masika nilikuja kuambiwa ukiwa umeshainuka. Woga ulinishika, mama, na wivu pia ulikuwemo. Ndipo nikajifanya daktari wa ukoo.

Nyie mnajua yaliyofuata, lakini wacha niyaseme kwa mdomo wangu. Nilimwagiza Leokadia akupime presha kwa kile kipimo nilichotuma, asubuhi na jioni, anitumie majibu. Hapo sidhani kama nilikosea. Nilikosea nilipoanza na chakula. Nikataka picha ya sahani kabla hujala na picha baada ya kula. Na ili picha isomeke vizuri, nikaagiza uache kula mkekani kwenye sinia moja na wajukuu. Upewe sahani yako, kiti chako na meza yako. Pascal na Editha wakae upande wao na mama yao Leokadia, wasikuchafulie hesabu.

Leokadia aliniuliza swali moja tu siku ile.

"Kaka, mama ale peke yake, kwani ana nini?"

Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo afya. Neno hilo nililitamka kwa sauti ya msomi, na nyie wote mnajua mimi nilisoma nikaishia wapi.

Picha zikaanza kuja. Sahani ya bluu, ugali, dagaa na matembele. Halafu picha ya pili, ugali umebaki nusu, umekatwa sawasawa kama kwa uzi. Kesho yake wali wa mchele wa Majimoto, umebaki nusu. Ukaletewa samaki, mgebuka, ukala mkia na katikati, kichwa ukakiacha pembeni kizima kinanitazama. Mimi huku nikasema moyoni, nusu. Wiki iliyofuata ikawa chini ya nusu. Baadaye ikafika robo, na kwenye picha moja mkono wako ulionekana karibu na sahani, nikaona pete ya ndoa inacheza kidoleni.

Hapo nikachanganyikiwa. Nikaamuru ugali uwe laini zaidi. Nikaamuru uji wa ulezi uongezwe karanga. Nikaamuru mboga iungwe. Tena nikasisitiza watoto wakae mbali zaidi, usije ukasumbuliwa ukakosa hamu. Mwisho nikaamuru upandishwe bodaboda upelekwe hospitali mjini, na vumbi lote lile. Daktari akakupima, akasema haoni ugonjwa, apewe anachopenda na asisumbuliwe. Nilipoambiwa hivyo nikambishia. Yeye amekugusa kwa mikono, mimi nimekuona kwenye kioo cha simu, na bado nikambishia.

Leokadia, hapa ndipo penye shughuli. Kunywa maji kwanza.

Niliandika kwenye group la familia, mbele ya baba mdogo, mbele ya shangazi wa Majimoto, na mbele ya mabinamu ambao hata sura zao nimeshazisahau. Niliandika hivi: "Picha ya kabla sahani imejaa, lakini mama anakonda. Chakula chake kinaishia wapi? Anayehusika na jiko ajieleze." Sikutaja jina, nikajiona mstaarabu sana. Kama vile jiko lile lina wapishi kumi.

Shangazi wa Majimoto, ambaye hajakosa kututumia ua na sala kila alfajiri tangu anunue simu, siku hiyo hata ua hakutuma. Baba mdogo alisoma akapita. Na wewe, Leokadia. Wewe unayemwosha mama mgongo, unayejua goti lipi huanza kuuma mvua ikikaribia, uliambiwa ujieleze na mtu ambaye kwa miaka mingi msaada wake kwa mama ni kuuliza maswali.

Kesho yake mchana ukanipigia kwa video. Hukunisalimia. Ukaiegemeza simu kwenye birika, ukatoka nje.

Mama, hukujua kama nipo. Nilikuona umekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu haifiki chini vizuri, mbele yako ile sahani ya bluu. Ulisali. Ukala matonge machache kwa utaratibu wako. Kisha kwa kidole ukachora mstari katikati ya ugali, ukausogeza upande mmoja, ukaweka mboga juu yake na kipande cha samaki, ukapanga vizuri. Ukanawa. Ukageuka ukatazama mlangoni. Nikasubiri, na wewe ukasubiri. Nzi akatua ukingoni mwa sahani ukamfukuza, ukatazama tena mlangoni.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, malizia chakula."

Ulishtuka mpaka kiti kikalia. Ukatafuta sauti inatoka wapi, ukaniona kwenye birika.

"Hiki si changu," ukasema. "Ni cha watoto."

"Watoto wana chakula chao, mama."

"Siku hizi hawaji. Nawabakishia, hawaji. Nikasema labda wanaona ni kidogo, nikawaongezea. Hawaji." Ukaifuta meza kwa kiganja. Halafu ukasema kwa ile sauti ya chini, ambayo utotoni tuliiogopa kuliko fimbo: "Mwanangu, nimekosa nini mpaka nikatengewa sahani?"

 

Mama, mimi nimekulia mlangoni mwa bibi. Wewe unakumbuka. Bibi alikuwa akianza kula, mimi na Leokadia tunakaa kizingitini tukijifanya tunacheza, macho yetu yakiwa kwenye sahani yake. Akifika katikati anachora mstari, anasogeza sahani, anasema mimi nimeshiba. Hakuwa ameshiba, na sisi tulijua. Mzee anayefuta sahani yote mtaa mzima ulimsema. Yaliyobaki ndiyo yalikuwa matamu kuliko yote yaliyopikwa nyumba ile. Na kichwa cha samaki nilikichukua mimi kila mara, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, Leokadia anabaki na mkia na machozi.

Nikayasahau hayo yote. Nimekaa huku nikifunzwa kusoma sahani, na sahani ya mama yangu mwenyewe nikaisoma kama ya mgeni. Wewe ulikuwa unawaita wajukuu, mimi nikasema unaumwa. Kila nilipowafukuza ukazidi kubakisha ili warudi. Kila ulipozidi kubakisha nikaamuru wafukuzwe zaidi. Nyama ya mkono wako imeliwa na amri zangu. Ugali wenyewe, baba mdogo ndiye aliyeniambia, uliishia kwa kuku, maana wewe ulikataa kuugusa tena kwa vile ulishautoa, na watoto waliogopa. Editha alikuwa amemwambia mwenzake wasisogee kabisa, mjomba yumo ndani ya simu anahesabu matonge. Mtoto wa darasa la kwanza ananijua hivyo. Sijawahi kumnunulia hata pipi, lakini ananijua hivyo.

Leokadia aliporudi ndani aliichukua simu kwenye birika. Nilijiandaa kutukanwa. Ningefurahi kutukanwa. Alinitazama tu, akasema, "Haya, kaka. Andika nusu." Akakata.

Siku hiyo ndipo simu ikaingia kwenye kanga.

Ule ujumbe wangu wa kwenye group nilijaribu kuufuta. Simu ikaniambia muda wa kuufuta umepita, basi umebaki pale kila mtu anauona. Nimeandika mwingine chini yake. Safari hii nimetaja jina, na jina nililotaja ni langu. Nimesema chakula cha mama kiliishia kwangu. Shangazi amejibu kwa kutuma ua. Baba mdogo amejibu kwamba nikija likizo atanitengea sahani yangu, kiti changu na meza yangu, tena nyuma ya banda la ng'ombe.

Hapa kazini pia nimejaribu kuwa na akili. Kuna mzee mmoja ambaye kila siku saa ya chai anaacha nusu ya keki yake ukingoni mwa sahani. Mimi kila siku naandika nusu, natupa. Juzi nikakaa karibu yake, nikamwuliza kwa heshima zote kama ile nusu huwa ananibakishia mimi. Akaniangalia sana. Akasema hapana, nusu ile huwa ina zabibu, na zabibu hazipendi. Basi nikaandika nusu, nikatupa. Si kila mahali ni Magamba, mama.

Sasa nina maombi. Sikusema maagizo. Mama, rudi mkekani. Kiti kile mpeni fundi baiskeli pale jirani akalie. Ile sahani ya bluu fanyeni mtakavyo, hata kuku wanywee maji. Dawa za presha naomba usiziache, hapo bado naogopa, na kuogopa kwangu hakujapungua kwa sababu nimeaibika. Leokadia akiwa na nafasi na akiwa amenisamehe, anaweza kunitumia namba za kipimo. Asipotaka, nitavumilia. Ya chakula sitauliza tena. Nikitaka kujua umekula, nitauliza kama Pascal na Editha wameshiba, na mtoto mkweli atanijibu.

Nisalimie baba mdogo, mwambie hata nyuma ya banda nitakaa. Nisalimie shangazi, ndugu wa marehemu baba si wengi, lakini dada yake huyo mmoja anawatosha wote kwa kelele za upendo. Nisalimie jirani yetu anayekuletea mlenda bila kupiga picha. Nisalimie katekista, mwambie aniombee unyenyekevu, ila asiutangaze kanisani.

Leokadia, mdogo wangu, nisamehe. Nimezunguka kurasa zote hizi kulifikia hilo neno, na sasa umelisoma kwa sauti mbele ya mama, basi limeshatoka. Ukimaliza kusoma, kunja karatasi umwachie yeye. Jioni mkikaa kwenye sinia, mama akachora mstari wake na kusema ameshiba, usiwaachie watoto kwanza. Kile kichwa cha samaki, ambacho nilikuwa nakichukua mimi, chukua wewe. Kula mpaka mifupa.

Ni mimi mwanao, na kaka yako,
Deusi